Somo: Karatasi za koperative katika wingu, na programu rclone



Kuuza kahawa ao kakao siku hizi inaomba karatasi karibu sawa na vile inaomba mizani. Kuko daftari ya wanamemba, resi za kupima, liste ya malipo ya msimu, picha za mashamba, barua za bei, ripoti ya mukutano mukubwa. Sheria ya OHADA juu ya koperative, yenye ilipitishwa kule Lomé tarehe 15/12/2010 na yenye inafanya kazi kwetu tangu Kongo iliingia OHADA katika mwaka wa 2012, inaomba kila koperative ichunge daftari ya wanamemba. Tena Umoja wa Ulaya ulitoa sheria ingine katika mwaka wa 2023, namba 2023/1115, juu ya vitu vyenye vinaweza kutoka fasi yenye pori ilikatwa. Kahawa na kakao ziko ndani. Mwenye kuingiza kahawa Ulaya anapashwa kuonyesha shamba yenye ilitoka, na alama za GPS, na anapashwa kuchunga habari hiyo miaka 5. Tarehe ya kuanza sheria hiyo imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini alama za GPS hazipatikane kwa siku moja, na yule mwenye kuzipoteza anapashwa kurudia milima yote kwa miguu.

Sasa, karatasi hizo ziko wapi? Mara nyingi ziko mu ordinatere moja ya biro, na pengine mu flashi moja katika mufuko ya sekretere. Ni hapo hatari iko. Tarehe 17/1/2002 moto ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji wa Goma na kufunika maduka na biro. Tarehe 22/5/2021 mulima ulitoka tena. Katika mwezi wa 5 mwaka wa 2023, kule Kalehe, maji na mawe vilichukua nyumba na watu katika Bushushu na Nyamukubi. Na kila mutu anajua namna watu wanakimbia vita: mama anabeba mutoto na sufuria, baba anabeba godoro. Hakuna mutu anakimbia na ordinatere ya biro kichwani. Nyuma ya miezi mitatu watu wanarudia, na swali ya kwanza ya mukulima ni hii: kilo zangu zenye nilileta mbele ya vita, nani atanilipa? Bila karatasi, gerant hawezi kujibu, hata kama ni mutu wa haki.

Somo hii inaonyesha namna ya kutia karatasi za koperative fasi mbili ao tatu za mbali, kwa intaneti, bila kumaliza feza ya forfe. Iko kwa ajili ya sekretere, gerant na vijana wenye wanajua kufungua ordinatere. Lakini wanamemba wengine musome pia, juu karatasi hizo ni zenu, na sehemu juu ya siri na juu ya neno ya siri inawagusa ninyi wote.

Wingu ni nini

Watu wanasema «wingu», lakini hakuna kitu juu angani. Ni ordinatere kubwa za kampuni, seva, zenye ziko katika nyumba zenye kulindwa, na stima usiku na muchana. Munapandisha faili yenu kule, inabakia kule hata kama biro yenu inaungua. Google Drive inatoa giga 15 bila kulipa, lakini giga hizo zinagawanywa pia na Gmail na picha za Google. OneDrive ya Microsoft inatoa giga 5. Dropbox inatoa giga 2.

Kwa koperative ya kawaida hiyo inatosha, kama munafanya hesabu. Tuseme muko na resi 2.000 kwa msimu, na kila resi mutu aliipiga picha kwa simu. Picha moja ya simu inaweza kuwa mega 4. Hiyo ni mega 8.000, karibu giga 8. Misimu mbili tu, na Drive imejaa. Lakini kama munapunguza picha kufikia nusu mega, na maandishi bado yanasomeka muzuri, msimu muzima ni giga 1. Kupunguza picha mbele ya kutuma ni kazi yenye kuleta faida kuliko kununua forfe kubwa. Liste ya wanamemba mu Excel, hata watu 600, haifike mega 1.

Juu ya nini kuandika amri

Munaweza kupandisha faili kwa kufungua ukurasa wa Drive na kufinya hapa na pale. Wengi wanafanya vile. Kwetu hiyo iko na shida tatu. Ukurasa wenyewe ni muzito, unakula mega mbele hamujatuma kitu. Ile programu ya kampuni yenye inatuma yenyewe haiulize: unawasha intaneti juu ya kusoma barua moja, yenyewe inaanza kupandisha picha zote. Na kama muko na Drive na OneDrive pamoja, munapashwa kujifunza namna mbili tofauti.

rclone ni programu yenye inasema na hizo zote kwa namna moja. Ilianzishwa na Nick Craig-Wood, inatolewa bure, na inajua aina zaidi ya makumi ya mawingu: Google Drive, OneDrive, Dropbox, MEGA na zingine nyingi. Kwa kawaida haitumie madirisha ya rangi. Munaandika musitari moja mu dirisha nyeusi, munafinya Enter, inafanya. Watu wanaogopa ile dirisha nyeusi, lakini mimi ninaona iko rahisi kufundisha kuliko picha za kufinya, juu musitari wa amri unaweza kuandikwa mu daftari. Sekretere akiondoka, ule mupya anafungua daftari, anaandika vile vile, na kazi inaendelea. Nani anaweza kuandika mu daftari «finya kale kapicha ka bluu kenye kako juu ku mukono wa kuume»? Na mwaka wenye kufuata kampuni inabadilisha ule ukurasa, kapicha kamehama.

Kuiweka

Ku Windows, shusha faili ya rclone kutoka rclone.org. Inakuja ikiwa imefungwa kama zip, ifungue, na utie rclone.exe ndani ya dosie C:\rclone. Basi. Haiko na kazi ya kuinstale. Munaweza hata kuikopia kutoka flashi ya jirani, hiyo inachunga mega. Ku Linux (Ubuntu ao Debian) munaandika sudo apt install rclone. Kama koperative haina ordinatere, simu ya Android yenye iko na Termux inatosha: pkg install rclone. Maandishi ni madogo kwa macho, lakini kazi ni ile ile.

Kisha fungua dirisha nyeusi. Ku Windows andika cmd mu fasi ya kutafuta, na kisha:

cd C:\rclone
rclone config

Itauliza maswali kwa Kiingereza. Munaandika n juu ya kufungua muunganisho mupya. Inaomba jina: andika google. Musitie jina ya herufi moja, juu Windows itafikiri ni diske, sawa na C: ao D:. Kisha inaonyesha liste murefu ya mawingu. Tafuta Google Drive na uandike namba yake. Client id na client secret wengi wanaacha bila kitu, wanafinya Enter. Pale inauliza rclone iwe na ruhusa gani, kama adresi hiyo ni ya koperative peke yake, chagua ya kwanza, yenye kuona faili zote. Kama mutu anaitumia pia kwa barua zake mwenyewe, kuko ruhusa yenye inaona tu faili zenye rclone yenyewe ilitia; hiyo ni ya usalama zaidi. Maswali ingine, Enter. Ku mwisho ukurasa wa Google unafunguka, munaingia na adresi ya koperative, munakubali. Imeisha.

Rudieni kazi ile kwa OneDrive, na jina onedrive. Hii munaifanya mara moja tu. Afazali muifanye mu muji, fasi intaneti iko na nguvu.

Kujua kama imeshika:

rclone lsd google:

Inaonyesha madosie yenye iko kule. Musisahau ile nukta mbili nyuma ya jina. Bila nukta mbili, rclone inafikiri munasema juu ya dosie yenye jina google ndani ya ordinatere yenu, na inaweza kukopia kila kitu pale pale. Mutabakia kufurahi namna kazi ilienda mbio.

Kukopia

Tia vitu vyote vya koperative katika dosie moja, C:\Koperative, na ndani yake Wanamemba, Resi, Malipo, GPS, Mikutano. Majina ya faili, anza na mwaka, mwezi, siku: 2025-03-14-resi. Hivyo zinajipanga zenyewe. Kama jina ya dosie iko na fasi katikati, sawa «Malipo ya msimu», munapashwa kuitia ndani ya alama za maneno wakati munaandika amri. Afazali musitie fasi.

Amri yenyewe ni hii:

rclone copy C:\Koperative google:Koperative -P

Maneno yake ni mepesi: kopia, kutoka wapi, kwenda wapi. Ile -P inaonyesha kazi inafika wapi. Mara ya kwanza inapandisha kila kitu. Mara ya pili inatazama ukubwa na saa ya kila faili, na inatuma tu zile mupya na zile zenye kubadilika. Kama juma hii mulitia resi 40 za nusu mega, itatuma mega 20, hata kama dosie yote ni giga 3. Hapo ndipo feza inabakia.

Kama hamuna hakika, ongeza --dry-run ku mwisho. rclone itasema kitu gani ingefanya, lakini haitafanya. Ninashauri kila mutu mwenye kuanza afanye hivyo juma nne za kwanza.

Kuko amri ingine yenye jina sync. Hii muiheshimu sawa panga. copy inaongeza tu, haifute kitu kule. sync inafanya kule kufanane kabisa na hapa: kitu yenye haiko hapa, inaifuta kule. Waza sasa: mutoto wa jirani anafuta dosie ya Resi mu ordinatere. Sekretere hajaona. Siku ya posho anafanya sync. rclone inatii: inafuta Resi katika wingu pia. Faili za Drive zinaingia kwanza katika fasi ya takataka na zinabakia pale siku 30, kwa hiyo munaweza kuziokota kama munaona haraka. Nyuma ya siku 30, hakuna tena. Kwa koperative, sioni sababu ya kutumia sync. Muache.

Lakini hata copy iko na mutego moja, na watu wengi hawaijue. Kama faili ya Malipo ya hapa imebadilika, copy inatia ile mupya juu ya ile ya zamani. Sasa kama «mupya» ni faili yenye mutu aliharibu, alifuta kolone ya kilo bila kujua, ile muzuri ya kule inafunikwa. Dawa yake ni hii:

rclone copy C:\Koperative google:Koperative --backup-dir google:Zamani/2025-03-14 -P

Kila faili yenye ilipashwa kufunikwa inapelekwa kwanza katika Zamani, ndani ya dosie ya tarehe ile. Tarehe munaibadilisha kwa mukono kila mara. Dosie ya Zamani inapashwa kuwa katika wingu lile lile, na isikae ndani ya Koperative. Miezi sita ikipita, munaweza kufuta za zamani zaidi kama fasi inapunguka. Kujua fasi yenye inabakia: rclone about google:

Mega na saa

Wengi wetu tunanunua mega za siku ao za juma. Kama rclone inachukua nguvu yote ya intaneti, agronome hawezi kutuma barua yake. Munaweza kuifunga kamba:

rclone copy C:\Koperative google:Koperative --bwlimit 50K --transfers 1 -P

--bwlimit 50K inasema: usipite kilo 50 kwa segonde (kilo za ordinatere, hapana za kahawa). Hiyo ni karibu mega 175 kwa saa. Mega 20 za juma zinamalizika katika dakika karibu 7. Lakini giga 1 ya kwanza ingeomba saa karibu 6, ndiyo maana ninasema mara ya kwanza muende mu muji. --transfers 1 inatuma faili moja moja. Bila hiyo rclone inatuma 4 pamoja, na kama intaneti ni dhaifu zote 4 zinakwama.

Stima ikikatika katikati? Faili zenye zimekwisha kufika hazirudiliwe. Ile yenye ilikuwa njiani inaanza tena kwa zero. Kwa hiyo musifunge msimu muzima katika zip moja ya mega 900. Ikifika mega 850 na mapano ya jua yanazima, zile 850 mumezipoteza, na forfe pia. Acheni faili ndogo ndogo.

Sasa wingu la pili. Kuko kosa yenye inakula feza bila mutu kujua. rclone inaweza kukopia kutoka wingu moja kwenda lingine:

rclone copy google:Koperative onedrive:Koperative

Inaonekana sawa vile Google inampa Microsoft mukono kwa mukono. Hapana. Kila faili inashuka mu ordinatere yenu na inapanda tena. Giga 1 inakula giga 2 za forfe. Mukihesabu na ile ya kwanza yenye mulipandisha ku Google, ni giga 3. Kama faili ziko bado hapa mu ordinatere, andika amri mara mbili kutoka hapa, moja kwenda google: na moja kwenda onedrive:, itakuwa giga 2 tu. Kutoka wingu kwenda wingu ni ya siku yenye ordinatere haiko tena.

Juu ya nini mawingu mawili? Juu adresi inaweza kufungwa. Google inaweza kufuta adresi yenye haikuingiwa na mutu miaka 2. Neno ya siri inaweza kupotea. Mutu anaweza kuiba adresi. Kampuni mbili, adresi mbili, ni vigumu zipotee siku moja.

Kama munachoka kuandika, fungua Notepad, tia misitari hii, na uichunge kwa jina tuma.bat ndani ya C:\rclone:

C:\rclone\rclone.exe copy C:\Koperative google:Koperative --bwlimit 50K --transfers 1 -P
C:\rclone\rclone.exe copy C:\Koperative onedrive:Koperative --bwlimit 50K --transfers 1 -P
pause

Kila juma sekretere anafinya tuma mara mbili, na anaenda kunywa chai. Hapa sikutia --backup-dir, juu tarehe inabadilika. Ile munaifanya kwa mukono mbele ya kila malipo makubwa.

Kuhakikisha

Kutuma haitoshi. Mara moja kwa mwezi andika:

rclone check C:\Koperative google:Koperative --one-way

rclone inafanya hesabu ya alama ya kila faili hapa na inaifananisha na alama yenye Google iko nayo. Faili haishuke, kwa hiyo mega kidogo tu. Ku mwisho inasema tofauti ni ngapi. Zero ndiyo tunatafuta. Kama munafananisha google: na onedrive:, hizo mbili hazitumie aina moja ya alama, basi rclone inatazama ukubwa tu. Kwa hiyo hakikisha kila moja kutoka hapa.

Neno moja juu ya wale wenye wanaandika moja kwa moja ndani ya Google Docs ao Sheets. Zile haziko faili za kweli. Ku rclone ls utaona ukubwa wake ni -1. Wakati munazishusha, rclone inazigeuza kuwa Word ao Excel. Ni sawa, lakini musishangae kama check inanungunika juu yao.

Liste ya malipo ni habari ya usalama

Hapa ninaomba kila mwanamemba asome. Liste ya malipo inasema nani alipokea feza ngapi, siku gani. Na liste ya wanamemba inaongeza namba ya simu, kijiji, na alama ya GPS ya shamba. Katika inchi yetu, liste kama hiyo katika mikono ya mubaya ni ramani ya nyumba za kuingia usiku. Kwa hiyo Malipo na GPS zisipande wazi.

rclone iko na sanduku yenye kufungwa, inaitwa crypt. Andika tena rclone config, n, jina siri, aina crypt. Inauliza sanduku itakaa wapi: andika google:Siri. Inauliza kama ifiche majina ya faili na ya madosie: kubali. Kisha neno ya siri, na neno ya pili yenye inaongeza nguvu. Kutoka siku hiyo:

rclone copy C:\Koperative\Malipo siri:Malipo -P

Mutu mwenye anafungua Drive anaona herufi zenye hazina maana, hata majina. Ninyi mukipitia siri: munaona faili zenu sawa kawaida. Kuhakikisha sanduku hiyo, amri ni rclone cryptcheck fasi ya check. Na ile tuma.bat yenye nilionyesha juu inatuma dosie yote, Malipo ndani. Kama munatumia siri, ongeza ku misitari yake ya copy --exclude "Malipo/" --exclude "GPS/", na mutie musitari ingine kwa kila moja ya zile mbili kwenda siri:

Maneno yote mawili ya siri yakipotea, hakuna mutu wa kufungua. Google haiwezi, mwenye kutengeneza rclone hawezi. Kwa hiyo andikeni ku karatasi, mara mbili, kila moja ndani ya bahasha yenye kufungwa na sini ya watu wawili. Bahasha moja kwa prezida, moja kwa komite ya uangalizi, katika vijiji viwili tofauti. Gerant na sekretere wasiwe peke yao wenye kujua.

Vile vile adresi za Google na Microsoft ziwe za koperative, hapana za sekretere. Na namba ya simu yenye Google inatumia kutuma kode iwe SIM ya koperative, yenye inakaa mu kase pamoja na sini. Koperative nyingi zimejikuta na daftari yote ndani ya adresi ya kijana mwenye alienda kufanya kazi Kampala na simu haipite tena. Ni mukutano mukubwa unapashwa kuamua jambo hii, na liandikwe mu ripoti.

Tena, mutu mwenye kushika ordinatere anashika pia rclone.conf, faili yenye rclone inaandika funguo zake. rclone config file inaonyesha fasi iko. Tia neno ya siri juu yake kwa kupitia rclone config, fasi yenye inasema set configuration password. Ordinatere ikiibwa, ingieni ku adresi ya Google kutoka simu ingine, mutafute programu zenye ziko na ruhusa, na mutoe ruhusa ya rclone. Funguo ya Google yenye iko mu rclone.conf haitafungua tena.

Jaribio ya kurudisha

Mbele ya msimu, fanyeni hivi. Chukueni ordinatere ingine, ya masomo ao ya koperative jirani, yenye haijaona faili zenu hata siku moja. Tieni rclone. Fungueni bahasha moja mbele ya watu wa komite. Fanyeni config ya google na ya siri kwa kufuata daftari tu, bila kuuliza sekretere kitu. Kwa siri, majibu yote yanapashwa kufanana na yale ya kwanza, hata jina google:Siri. Kisha:

rclone copy siri:Malipo C:\Jaribio -P

Fungueni Excel yenye imeshuka na mutafute jina ya mukulima mumoja mwenye yuko pale pale. Asome kilo zake, azifananishe na resi ya karatasi yenye iko mu mufuko wake. Kama zinapatana, mufute dosie ya Jaribio na ule muunganisho ku ordinatere ya watu (rclone config, kisha d), mufunge bahasha mupya na sini mupya, na muandike tarehe mu ripoti. Kama hazipatane, ao kama daftari haikutosha na mulipashwa kumuita sekretere, andikeni ni musitari gani ulikosekana, na muutie mu daftari siku hiyo hiyo.